Kabla hatujaimba: je, tunayosimulia kuhusu watunzi wa nyimbo zetu ni kweli?

Katibu wa Kwaya, Buruburu

Bwana asifiwe, wapendwa. Mimi ni katibu wa kwaya katika kanisa moja hapa Nairobi, upande wa Eastlands, na tangu Januari mchungaji ametupa dakika mbili za kusimulia maisha ya mtunzi kabla ya wimbo kuimbwa. Jumapili iliyopita nilieleza habari za John Newton kama nilivyozisikia tangu shule ya Jumapili: kwamba alikuwa nahodha wa meli ya watumwa, dhoruba ikamkuta baharini, akaokoka usiku ule ule, akageuza meli, akawarudisha watu makwao, kisha akaketi kuandika wimbo wake wa neema, "Amazing Grace". Ibada ilipokwisha, mzee mmoja wa kanisa, mwalimu mstaafu, alinivuta kando pale penye tangi la maji akaniambia kwa upole, "Mwanangu, umesimulia vizuri, ila hayo hayakutokea hivyo."

Nimeona haya, kwa sababu nilisema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Naomba mnisaidie kwanza kuhusu Newton, kisha kuhusu Horatio Spafford, mtunzi wa "Ni Salama Rohoni Mwangu", ambaye zamu yake ni Jumapili ijayo, maana sasa naogopa kwamba hata yeye ametiwa chumvi. Tena kuna jambo linalonikera. Kitabu changu cha nyimbo, nilichorithi kwa mama na ambacho jalada lake limeshikiliwa na gundi ya karatasi, kina herufi S.S. na nambari juu ya nyimbo nyingi, lakini hakuna popote palipoandikwa ni nani aliyezifasiri kwa Kiswahili.

Msomaji wa Ngara

Mzee wako amesema kweli, na usione haya, kwa maana hadithi hiyo imepita kwenye mimbari nyingi kabla ya kufika kwako.

Dhoruba ilikuwepo. Ilikuwa Machi 1748, katika meli iliyoitwa Greyhound ikirudi Uingereza, na Newton, kijana wa miaka 22, hakuwa nahodha bali mmoja wa waliosukuma pampu ili maji yasiizamishe. Alimlilia Mungu, na siku ile aliikumbuka kila mwaka hadi uzeeni. Hata hivyo, biashara ya watumwa hakuiacha. Unahodha wenyewe ulikuja baada ya dhoruba: kati ya 1750 na 1754 aliongoza safari tatu za kuchukua watu katika pwani ya Afrika Magharibi, akiwaongozea mabaharia ibada ya Jumapili ilhali chini ya sitaha kulikuwa na watu waliofungwa minyororo. Kilichomtoa baharini mwaka 1754 kilikuwa ugonjwa uliomwangusha ghafla, wala si dhamiri. Hao waliorudishwa makwao hawakuwapo.

Alifanywa kasisi mwaka 1764 akapewa kanisa la Olney, mji mdogo wa Uingereza, na wimbo unaousema aliuandaa kwa ibada ya mwaka mpya, 1 Januari 1773, kufuatana na mahubiri yake juu ya sala ya Daudi katika 1 Mambo ya Nyakati 17, pale Daudi anapouliza yeye ni nani hata Mungu amfikishe hapo. Basi kati ya dhoruba na wimbo ilipita karibu miaka 25. Kijitabu chake cha kuikiri na kuilaani biashara ile hakikutoka hadi 1788, alipokuwa mzee wa miaka 62, na alifariki Desemba 1807, miezi michache baada ya Bunge la Uingereza kuipiga marufuku.

Mwezi huo huo wa Januari 1773, rafiki yake mshairi William Cowper, waliyekuwa wakitunga naye nyimbo za Olney, aliangukia huzuni nzito ya akili na hakurudi tena kanisani maisha yake yote, ingawa nyimbo zake tunaendelea kuziimba. Naitaja habari hiyo kwa sababu hatuisimulii kamwe, nami nadhani wapo wanakwaya ambao ingewafaa kuisikia. Na jambo la mwisho: tuni tunayoijua sote iliunganishwa na maneno ya Newton huko Marekani mwaka 1835, kwa hiyo yeye hakuwahi kuusikia wimbo wake jinsi tunavyouimba.

Mama Alto

Kuhusu Spafford, mwanangu, mengi ni kweli, lakini angalia pale mahali pa meli. Alikuwa wakili wa Chicago aliyepoteza mali nyingi katika moto mkubwa wa 1871. Tarehe 22 Novemba 1873 meli ya Ville du Havre, iliyombeba mkewe Anna na binti zao wanne, iligongana na meli nyingine katika Atlantiki ikazama, na watu 226 wakafa, wakiwemo mabinti wote wanne. Anna alipofika Uingereza alimtumia mumewe simu ya maandishi iliyoanza kwa kusema kwamba ameokoka peke yake. Spafford akapanda meli kumfuata.

Husimuliwa kwamba nahodha alimwita akamwonyesha maji yaliyowameza watoto wake, naye akaandika beti zote papo hapo. Huenda maneno yalianza kumjia safarini, lakini hati ya mkono iliyohifadhiwa imeandikwa kwenye karatasi yenye jina la hoteli. Mimi hiyo karatasi ya hoteli inanigusa kuliko sitaha, kwa kuwa namwona mtu akitafuta neno, akifuta na kuandika tena. Tuni yake ilitungwa na Philip Bliss mwaka 1876, naye Bliss alifariki pamoja na mkewe mwishoni mwa Desemba mwaka huo huo, daraja la reli lilipoporomoka huko Ashtabula, Ohio.

Sasa fungua kitabu chako. Kwa Kiingereza ubeti wa kwanza unalinganisha amani na mto, na huzuni na mawimbi ya bahari yanayobingirika. Mfasiri wetu ameandika "amani kama shwari". Shwari si neno la mto hata kidogo, ni neno la mabaharia wa pwani, bahari inapotulia na tanga kulala. Kwa hiyo mfasiri ameitoa amani mtoni akaipeleka baharini, mahali watoto walipofia, jambo ambalo Spafford mwenyewe hakulifanya. Ila katika mstari unaofuata mawimbi yametoweka, yamebaki "shida" tu. Amechukua kwa mkono mmoja na kutoa kwa mkono mwingine, na mimi kila tuimbapo husimama kidogo kwenye neno hilo la shwari.

Mfasiri wa South B

Herufi S.S. zinaashiria "Sacred Songs and Solos", mkusanyo wa nyimbo wa Ira Sankey, mwimbaji aliyefuatana na mhubiri Dwight Moody katika mikutano ya Uingereza kuanzia 1873. Ulianza kama kijitabu chembamba, ukakua hadi nyimbo 1,200, nao wamishenari wengi walisafiri nao. Ndiyo maana nambari ya Kiingereza ilihifadhiwa na jina la mfasiri likaachwa: aliyechapa alitaka mpiga kinanda apate noti, basi.

Wachache tunawajua. Edward Steere, mmishenari Mwingereza, alifika Unguja mwaka 1864, akawa askofu 1874, na alifasiri Maandiko, sala na nyimbo kwa Kiswahili, huku akisimamia ujenzi wa kanisa kuu mahali palipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873. Alifariki 1882 akazikwa ndani ya kanisa hilo. Lakini katika mtambo wa uchapaji wa misheni, waliopanga herufi walikuwa vijana waliokombolewa utumwani, na sioni jinsi askofu angekosa kuwauliza kama neno fulani linasemeka. Majina yao hayamo kwenye jalada.

Kazi yenyewe ni ngumu kuliko watu wanavyodhani. Chukua "Usinipite Mwokozi", ambao Fanny Crosby, aliyekuwa kipofu tangu uchanga, aliuandika 1868. Silabi ni nane kwa lugha zote mbili, lakini Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na tuni hukaza ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba. Ukisema, unakaza "pi". Ukiimba, mkazo unahamia kwenye "te". "Mwokozi" limekaa sawasawa, nadhani kwa makusudi, maana ndilo neno ambalo halikupaswa kuharibika. Upole wa Mwokozi uliomo katika Kiingereza umeachwa, kwa kuwa silabi zilikwisha.

Shemasi

Nashukuru kwa elimu hii, ila niseme wazi kwamba watu wetu hawaji ibadani kusikiliza tarehe. Mtu aliyefiwa juzi anahitaji wimbo, hahitaji kuambiwa uliandikwa kwenye karatasi ya hoteli au la.

Mama Alto

Shemasi, nilimzika mwanangu mwaka juzi. Nilipojua kwamba Spafford huenda hakuandika kwa pumzi moja akiwa amesimama juu ya maji, nilipata nafuu, kwa sababu mimi pia sikuweza kuuimba siku ile. Niliuimba baada ya miezi mitano.

Katibu wa Kwaya, Buruburu

Mama, pole sana, na asante. Jumapili nitataja moto, meli na simu ya Anna, nitamwacha nahodha, kisha nitasoma mstari wa shwari peke yake kabla kinanda hakijaanza. Habari za Newton nitazirekebisha mbele ya watu wale wale niliowaambia, na nimekwisha kumwomba mchungaji dakika moja zaidi.

Yule mzee wa tangi la maji nimempigia simu jana. Anacho kitabu cha marehemu baba yake, aliyekuwa mwinjilisti, na pembeni mwa baadhi ya nyimbo kuna majina ya watu yaliyoandikwa kwa kalamu ya risasi, ambayo hajawahi kujua ni ya nini. Atakileta Jumatano kwenye mazoezi.