Tupeane uzoefu: maua ya harusi, ya msiba, ya mpendwa. Mliyahifadhi vipi?

FundiMaua_Buruburu

Hamjambo wana Nairobi. Mimi hukausha maua ya watu na kuyatengenezea fremu, na nimeona tuanzishe mazungumzo haya kwa sababu wengi hunifikia wakiwa wamechelewa. Shada la harusi limekaa juu ya kabati hadi mabua yakaota ukungu, halafu bibi harusi ananiuliza kama waridi zitarudi kuwa nyeupe. Hazirudi. Ua hubaki na rangi liliyokauka nayo, kwa hiyo kazi inatakiwa kuanza kesho yake, au jioni ileile ikiwezekana.

Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane ndipo Nairobi hutusumbua. Jua halionekani, hewa ni baridi na nzito, na karatasi hunyonya unyevu ikabaki nao. Maua ya kubana, yale ya kukaushwa bapa kati ya magazeti chini ya uzito, msimu huo yabadilishiwe magazeti kila siku wiki ya kwanza, la sivyo yanakuwa kahawia.

Waridi lenyewe ni nene mno kubanwa zima. Nikitaka libaki na umbo lake hulifukia kwenye silika jeli, zile punje za kunyonya unyevu, nachagua iliyo ndogo ndogo. Nakata bua fupi, nalisimamisha kwenye mkebe, namimina punje kuzunguka chini kwanza, kisha kwa kijiko cha chai naziingiza katikati ya petali, moja baada ya nyingine, ili ndani na nje kujae pamoja. Ukizimwaga zote kutoka juu, waridi linalala. Funika mkebe kabisa, uache kama wiki. Punje zikishabadilika rangi, zipashe kwenye oveni kwa moto mdogo na utazitumia tena. Waridi la njano na la pinki hutoka vizuri. Jekundu huiva hadi karibu jeusi, na jeupe huwa rangi ya malai. Mwambie mwenye maua mapema, kabla hajakukabidhi.

Haya, leteni yenu. Hasa nataka kusikia maua yalikuwa ya nani.

BintiWaSouthB

Yangu ni ya mama. Tulimzika Lang'ata. Asubuhi kabla ya kutoka nyumbani nilichomoa maua machache kwenye shada tulilomwandalia sisi watoto, nikayaweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Shangazi akaniona. Akaniita pembeni, "Mwanangu, maua ya maiti hayakai nyumbani." Nikamjibu, "Shangazi, haya hayajafika kaburini, bado ni ya mama." Hakusema kitu, lakini hakuridhika.

Baadaye nilimpelekea fundi wa fremu, akayaweka kati ya vioo viwili, na kando yake kipande cha leso aliyokuwa akijifunga jikoni. Shangazi bado haipendi. Akija kututembelea mimi huishusha fremu nikaiweka chumbani, kwa heshima yake, na akiondoka hurudi ukutani. Naona hivyo ni sawa. Wote wawili tulimpenda.

FundiMaua_Buruburu

Pole sana dadangu. Na umefanya vyema kuyatoa kabla ya safari ya makaburini, hata kwa upande wa kazi yenyewe. Maua yaliyoshinda juani hufika kwangu yakiwa yamechoka. Angalia tu ule ukuta usipigwe na jua la dirishani. Jua letu hili hula rangi haraka.

BabaTisha_Kayole

Sisi tulitaka resini, ile plastiki ya maji inayomiminwa juu ya maua ikaganda kama kioo. Shada la mke wangu tulilipeleka kwa karakana moja mjini, nisiitaje, na tukarudishiwa kipande kizito chenye maua ya kahawia na mapovu yamezunguka kila petali. Mke wangu alilia. Walimimina maua yakiwa bado na maji ndani. Maji hayo hayana pa kwenda, ua linaozea mle mle.

Sikukubali iishie hapo. Kulikuwa na maua mengine ya meza kuu ambayo mama mkwe alikuwa ameyaning'iniza kichwa chini stoo, yamekauka vizuri, nikajifunza kwa hayo. Ukishika petali iliyokauka kweli inachakarika kama karatasi ya sukari. Ikikunjika kimya, rudisha. Resini na hadina yake, yaani dawa ya kuigandisha, pima kadiri chupa inavyosema, zipo za kipimo kimoja kwa kimoja na za viwili kwa kimoja, wala usikadirie kwa jicho, maana ukikosea inabaki kunata milele. Koroga polepole. Mimina tabaka jembamba, ua likishikwa ndipo uongeze. Ukimimina kina kirefu kwa mpigo mmoja inachemka yenyewe na kupasuka. Glavu na maski ni lazima, madirisha wazi, na watoto wasiwe humo. Nyumba yetu ni chumba kimoja, kwa hiyo mimi hufanyia kazi juu, kwenye paa tunapoanika nguo, siku isiyo na upepo wa vumbi.

Mjue pia kwamba resini hugeuka njano na miaka, hasa ikikaa juani. Anayekuahidi itabaki angavu daima anakudanganya.

Mzee_Hebaria

Vijana, niongezee kutoka upande wangu. Niliwahi kufanya kazi na mimea iliyokaushwa, na pale Makumbusho ya Taifa tuna Hebaria ya Afrika Mashariki, hazina ya mimea iliyokaushwa. Ilianzia Amani, katika Tanzania ya leo, mwaka 1902, ikahamia Nairobi 1950, na humo mna mimea ya miongo mingi ambayo bado inasomeka jani kwa jani. Hawatumii resini. Ni magazeti, karatasi za kunyonya, kadibodi yenye mawimbi ili hewa ipite, mbao mbili na mikanda ya kukaza. Basi. Mmea ukauke haraka, ubandikwe kwenye karatasi isiyo na asidi, ukae gizani.

Mambo mawili ningependa myaige. Kwanza wadudu: kabla ya kufunga fremu, tia maua makavu kwenye mfuko uliofungwa vizuri, uweke kwenye friza siku kadhaa. Mende wadogo wa maua makavu hawaonekani hadi uone unga chini ya kioo. Pili lebo. Kila mmea kule una jina, mahali, tarehe na aliyeuchuma. Bandikeni nyuma ya fremu karatasi yenye hayo manne. Wajukuu wenu watakuta ua zuri ukutani na hakuna atakayekuwa hai wa kuwaambia ni la nani.

MuuzaMaua_CityMarket

Sisi wauzaji tunaulizwa sana siku hizi. Ukijua mapema kwamba utahifadhi, mwambie anayekufungia akuwekee statisi na jipso, yale maua madogo madogo ya kujazia shada, kwa wingi, hizo hukauka zenyewe na rangi ya statisi haipotei ovyo. Waridi chukua lililofunguka nusu. Lililofunguka lote litapukutika mkononi.

Nyambura_wa_Ngara

Naomba msaada. Marehemu mume wangu alinichumbia chini ya mjakaranda. Nikijaribu kukausha yale maua yaliyoanguka yanakuwa meusi kesho yake. Kuna njia?

Mzee_Hebaria

Pole mama. Yaliyoanguka yameshaanza kuharibika, waachie wafagiaji. Chuma kishada kidogo mtini, umande ukishakauka, ukibane papo hapo, usingoje kufika nyumbani. Zambarau yake itapauka kiasi, hilo halizuiliki, lakini umbo la kengele litabaki. Mjakaranda utachanua tena mwezi wa kumi. Niandikie hapahapa ukikaribia, nitakuazima mbao zangu na mikanda.