Vifaa vipya vya kudarizi kwa mkono: kipi kinafaa kununua, na wa kunifundisha nitampata wapi?

MamaForonya (Morogoro):
Habari zenu wapenzi wa sindano. Mimi nadarizi mashuka na foronya kwa mkono, maua ya kawaida haya, mshono wa mnyororo, wa shina na kujaza majani, nauzia watu wa harusi na kichenipati na namshukuru Mungu oda zipo. Sasa siku hizi nikifungua simu naona wenzetu wana vitu vingi mpaka nachanganyikiwa, mara kalamu inayofutika ukipiga pasi, mara karatasi unabandika kwenye kitambaa unadarizi juu yake halafu inayeyuka kwenye maji, fremu zenye stendi unaikalia mikono yote miwili inakuwa huru, taa zenye lenzi, ile sindano nene ya kutoboa toboa inayotoa vinyweleo kama zulia. Nimebakiza hela kidogo ya mtaji, nianze na kipi?

Halafu uzi jamani. Nyekundu ninayonunua huku inachuja, mteja anafua shuka jeupe mara ya kwanza tu linakuwa la pinki, anarudi kwangu na analia kweli.

La mwisho ni darasa. Nataka mtu anikalishe anioneshe mishono migumu kwa mkono wake, video nazitazama sana ila mkono wa mtu kwenye video unakwenda mbio. Nimeuliza chuo kimoja cha ufundi wakasema wao ni cherehani tu. Kama kuna mtu anajua pa kwenda aniambie, hata kama ni mbali.

UziNaSindano (Dar):
Mama Foronya mtaji wako wote wa kwanza uweke kwenye uzi, kabla ya fremu kabla ya taa kabla ya kila kitu. Hizo kalamu na karatasi zinakupunguzia muda tu, ila uzi ndio mteja anaokwenda kulala nao.

Uzi wa kudarizi wa pamba wa kueleweka ni DMC wa Ufaransa (kampuni ya tangu 1746 hiyo) na Anchor. Kibunda kimoja kina mita 8 na ndani yake ni nyuzi ndogo 6 zimelala pamoja, unazichomoa MOJA MOJA kisha unaziunganisha tena mbili au tatu kadiri unavyotaka, usizivute mbili kwa pamoja zitafungana. Rangi za DMC zinafika 500 na kila moja ina namba, kwa hiyo ukiandika namba kwenye daftari mteja akija mwakani anataka foronya ya kuongezea unapata rangi ileile, hapo tu unakuwa umeshawapita wengi. Kariakoo ipo ila angalia sana, kuna vibunda vinafungwa vile vile na karatasi inafanana, ndani ni poliesta au pamba ambayo rangi haijashika. Muulize muuza duka kabisa, na nunua kibunda kimoja kwanza ukapime nyumbani.

Kupima ni hivi. Kata kipande cha uzi kama kidole, kiloweshe maji ya moto, kiweke katikati ya kitambaa cheupe kibichi, piga pasi ya moto juu. Ikibaki alama, uzi huo usiupeleke kwenye shuka jeupe. Nyekundu, nyeusi, bluu iliyoiva na zambarau pima kila ukinunua, hata kama duka ni lilelile.

Na kingine watu wanakipuuza: kitambaa kipya kifue kabla hujagusa sindano. Kina wanga na kitarudi (kinajivuta kikikauka), ukidarizi kabla hakijarudi, siku mteja anafua kitambaa kinajivuta maua hayajivuti, shuka linakunjamana kuzunguka kila ua na pasi haisaidii.

MamaForonya:
Asante sana. Bibi yangu alikuwa analoweka uzi kwenye chumvi na siki ili ushike rangi, hii inasaidia au nisijisumbue?

UziNaSindano (Dar):
Kwa pamba haisaidii dada. Siki inafanya kazi kwenye rangi za sufu na hariri, na chumvi inatumika wakati wa kutia rangi kiwandani, rangi ikishamaliza kazi yake ukiongeza chumvi nyumbani hushikishi chochote. Kinachosaidia ni kuuloweka uzi kwenye maji baridi mengi unabadilisha mpaka maji yatoke meupe, ukaukie kivulini. Na ikitokea shuka limeshachuja USILIANIKE na usipige pasi, rudisha kwenye maji mengi yenye sabuni likiwa bado bichi, badilisha maji mara nyingi, rangi iliyohama bado haijakaa vizuri inaweza kutoka. Likishakauka juani basi, rangi haitoki tena.

njeri_nyuzi (Nairobi):
Niaje watu wangu. Niko na haya ya vifaa kwa sababu nimetumia karibu vyote.

Fremu, nunua ile ya mbao au mwanzi yenye skrubu, inchi 6 inatosha kwa maua ya foronya, na uchukue kitambaa cha pamba ukikate vipande vyembamba uzungushie ile ringi ya ndani yote, kitambaa chako hakitateleza na hakitapata alama ya duara. Ukimaliza kazi ya leo toa fremu, usilale nayo kwenye shuka usiku mzima. Ile ya stendi ni nzuri kama unashona masaa mengi na shingo inauma, lakini si ya kuanza nayo.

Sindano! Watu wanatumia sindano yoyote ya kushonea vifungo alafu wanashangaa uzi unachakaa. Kuna sindano za kudarizi zenye tundu refu, namba zikipanda sindano inakuwa nyembamba. Nyuzi 2 tumia namba 8 au 9, nyuzi 3 namba 7, zote 6 namba 3 ama 4. Ukitumia nyembamba kushinda uzi, uzi unasuguliwa kila ukipita kwa kitambaa unatoa manyoya na kung'aa kunaisha. Nunua pakiti ya mchanganyiko, ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote vimetajwa hapa, hapa Nairobi natafutia Biashara Street. Na kastabini, ile kofia ndogo ya kuvaa kidoleni usichomwe, tafadhali, kidole cha kati kitakushukuru.

Uzi wa perle pia ujaribu, namba 8. Huo hauchambuliwi, umesokotwa mmoja, na unatokeza juu ya kitambaa. Mshono wa mnyororo kwa pindo la shuka unaenda haraka sana nao, mara nyingi hiyo pindo ndiyo inakula muda.

Ile sindano ya kutoboa inayotoa vinyweleo wacha tu kwa shuka. Inataka kitambaa cha kusukwa kwa uwazi na vile vitanzi vinashikwa na kucha na vinavutika, ni ya mito ya kochi na ya kuning'iniza ukutani.

DadaWaMbali (Uingereza):
Nimefurahi kuona mada hii, mimi nadarizi huku baridini na niongezee kwenye kalamu kwa sababu watu wengi wanazinunua bila kuambiwa tabia zake.

Ile inayofutika kwa pasi, FriXion na za aina hiyo, ilitengenezwa kwa ajili ya karatasi. Joto haliondoi wino, linaufanya usionekane tu, na ukipata baridi kali ya chini ya sifuri mchoro unarudi. Morogoro hakuna baridi hiyo, ila kama una mteja Ulaya au Canada na kifurushi kinapita kwenye baridi, anaweza kufungua akakuta mistari yote ya kalamu iko juu ya shuka. Kwenye kitambaa cheusi au cha rangi iliyokolea inaacha pia alama nyeupe. Ya bluu inayotoka kwa maji mimi naiamini zaidi, sharti lake moja tu, iondoe kwa maji baridi KABLA ya pasi, maana joto linaweza kuikaza na hapo haitoki tena.

Karatasi ya kuyeyuka ni kitu kizuri kweli, nisikilizeni. Kwenye kitambaa cheusi ambapo penseli haionekani na kaboni inachafua, unachora kwenye karatasi, unabandika, unadarizi, unaitia kwenye maji ya uvuguvugu inaondoka yote. Ila suuza sana, ukibakiza kitambaa kinakauka kigumu kama kimetiwa gundi. Na uzi unaochuja usiupeleke huko kwa sababu kazi nzima inakwenda kulala majini. Kwa shuka jeupe wala huihitaji, weka mchoro chini ya kitambaa kwenye kioo cha dirisha mchana ufuatishe kwa penseli nyepesi.

Kuhusu kujifunza, Royal School of Needlework, shule ya kudarizi ya huku iliyoanza 1872, iko pale Hampton Court Palace, wana kitu kinaitwa RSN Stitch Bank tangu 2021, bure kabisa kwenye intaneti. Ni hazina ya mishono, kila mshono una picha za hatua kwa hatua na video, unausimamisha unaurudia. Hata kama Kiingereza kinasumbua picha zinaeleweka. Madarasa yao ya kulipia ni ghali, siwezi kumshauri mtu wa mtaji mdogo, lakini hiyo ya bure msiiache, anzeni na mishono ya kujaza.

BintiWaWete (Pemba):
Asalaam alaykum. Nimesoma yote na yote mazuri, lakini jamani mnakwenda kutafuta walimu mbali na huku kwetu wamekaa barazani.

Mama Foronya, mie nashona kofia za mkono, nilifundishwa na mama na shangazi zangu. Kofia ina sehemu mbili, duara la juu na ule mzunguko wa pembeni, unazishona mbali mbali kisha ndo zinaungwa. Kitambaa cheupe tabaka mbili, unachora nakshi, halafu kila kitundu unakitoboa kwa sindano na kukizungushia uzi mpaka kikae duara sawasawa, vitundu mamia, na vyote viwe sawa kwa ukubwa. Hicho ndicho kinamfanya mvaaji kichwa kipate hewa na ndicho kinatofautisha kofia ya mkono na ya mashine. Kofia moja nzuri inakula wiki nyingi, nyingine miezi, na zinakwenda mpaka Oman.

Mtu aliyekaa na kofia moja mpaka ikaisha, mkono wake haurudi nyuma. Atajua kuvuta uzi kwa nguvu ileile kila mara, na hilo kwenye video huwezi kuliona kwa sababu ni la vidole, mwalimu lazima ashike kazi yako aiguse akwambie hapa umekaza, hapa umelegeza. Maua yako ya shuka yatabadilika yenyewe. Na usitumie uzi mrefu, dhiraa moja basi, ukizidisha unachakaa na kufunga mafundo.

Taa ya lenzi hiyo nunua, ya kuchaji, umeme unakatika. Kina mama wengi huku wanaacha kushona kwa sababu ya macho tu na kazi bado iko mikononi, mimi linaniuma sana hili.

MamaForonya:
Wa alaykum salaam dada Binti. Kwanza shukrani kwa wote, nimeamua hela inakwenda kwenye uzi wa namba, sindano za mchanganyiko na taa. Dada, mtu wa bara akija huko anapokelewa? Na nije na nini?

BintiWaWete (Pemba):
Anapokelewa vizuri, wewe njoo. Usije karibu na Idi tu, wakati huo kila mmoja ana kofia za watu mkononi hatuna nafasi ya kufundisha, njoo baada ya Idi watu wametulia. Chukua bafta nyeupe mita moja, ifue huko huko kwenu, sindano nyembamba za namba 9 na 10, mkasi mdogo wenye ncha kali na uzi mweupe wa pamba, rangi tuache kwanza kwa sababu mweupe juu ya mweupe unaonyesha kila tundu lilivyo. Fremu usibebe, kofia tunashikia mkononi. Lete na foronya yako moja uliyomaliza, shangazi atataka kuigeuza aitazame nyuma kabla hajakwambia uanzie wapi. Boti ukipanda Dar unashuka Mkoani, gari za Chake zipo pale, na Chake utapata za Wete.