Klipu ya Mvuke Kwenye Grupu la Ukoo

Mjomba Elia: Mbukwenyi wana ukoo. Sikilizeni hiyo klipu hadi mwisho. Huyo bwana anasema hewa ukaa ni asilimia 0.04 tu ya hewa yote. Kinachoshika joto ni mvuke wa maji, asilimia 95, na mvuke unatoka baharini, hautengenezwi na binadamu. Eti wanasayansi waliusahau. Sasa kwa nini mimi mkulima wa zabibu hapa Mpunguzi, Dodoma, niambiwe mkaa wangu unaunguza dunia?

Mama Mkubwa Yudita: Mdogo wangu, nimeisikiliza. Anaongea vizuri, lakini kuongea vizuri hata matapeli wanajua. Rehema yuko wapi?

Jose: Baba shikamoo. Mvuke huku Dar tunaujua. Saa nane za usiku bado jasho linatiririka, feni inazungusha joto tu.

Mjomba Elia: Marahaba. Mmeona? Mvuke huo!

Mwl. Rehema: Shikamooni wakubwa. Nilikuwa nasahihisha mitihani. Mjomba, nimeisikiliza yote, na kuna jambo kubwa amesema kweli: mvuke ndio gesijoto, yaani gesi inayoshika joto hewani, inayofanya kazi kubwa kuliko zote. Hata kwetu inaonekana. Usiku wa Februari wenye wingu na unyevu, shuka moja linakutosha. Usiku wa Julai hewa kavu na anga halina wingu, joto la mchana linapaa lote, alfajiri unatafuta blanketi la pili. Julai ni kipupwe, sawa, ila ukavu nao unachangia.

Mwl. Rehema: Lakini hiyo asilimia 95 siyo. Waliopiga hesabu wanapata mvuke karibu nusu ya kazi yote ya kushika joto, mawingu karibu robo, hewa ukaa karibu moja ya tano.

Mjomba Elia: Nusu bado inaizidi moja ya tano, mpwa wangu.

Mwl. Rehema: Inaizidi, mjomba. Sasa tuulize, huo mvuke unaongezwa na nini? Hewa haibebi mvuke kadiri ipendavyo, inabeba kulingana na joto lake. Joto likipanda nyuzi 1, uwezo wa kubeba unaongezeka kama asilimia 7. Likishuka, mvuke uliozidi unageuka umande, ukungu, mvua. Maji yanayopaa leo pale bwawa la Mtera, kwa wastani yanakaa angani siku tisa au kumi hivi, kisha yanarudi chini. Hewa ukaa hainyeshi. Sehemu ya ile tunayoongeza inabaki angani mamia ya miaka. Inapasha hewa kidogo, hewa ile inabeba mvuke zaidi, mvuke nao unapasha zaidi, mpaka joto la mwanzo linakaribia kuwa maradufu. Mvuke hauwezi kuanzisha safari hiyo peke yake, kwa sababu ukizidi unanyesha.

Jose: Kumbe huyo wa kwenye klipu katoa hoja inayomgeukia mwenyewe. Mvuke ukiwa na nguvu hivyo, hewa ukaa kidogo inaleta joto jingi.

Mwl. Rehema: Ndiyo hivyo hasa.

Mjomba Elia: Na 0.04 je? Hicho kidogo kinawezaje?

Mwl. Rehema: Naitrojeni na oksijeni ni asilimia 99 ya hewa kavu, na joto linalotoka ardhini zinaliacha lipite. Wingi wake hausaidii kitu hapo. Mwaka 1856 mwanamke wa Marekani, Eunice Foote, aliweka mitungi ya kioo juani, na wenye hewa ukaa ukapata joto kuliko mingine. Mwaka 1859 John Tyndall akapima maabara London, akakuta mvuke na hewa ukaa zinanasa joto. Mwaka 1896 Msweden, Svante Arrhenius, akakokotoa hewa ukaa ikiongezeka dunia itapata joto kiasi gani, na mvuke akauweka kwenye hesabu. Kwa hiyo si kweli kwamba wanasayansi waliusahau. Hapo klipu imeniuma, maana inawafanya watu wazima waonekane hawakufikiria jambo ambalo walianza nalo.

Jose: Babu katuma sauti. Naandika kwa wasio na bando: "Wajukuu zangu, ukame wa Ugogo ni wa zamani. Baba yangu alinisimulia njaa ya Mtunya, ya wakati wa vita ya Wajerumani na Waingereza. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta hapa Kongwa kulima karanga, mvua ikawakatalia, wakaondoka. Hayo magari na viwanda vilikuwa wapi?"

Mwl. Rehema: Shikamoo babu. Ni kweli tupu, na tafadhali endelea kutusimulia. Mtu akisema kila ukame wa Dodoma umeletwa na hewa ukaa, anadanganya. Mvua zetu zimeyumba tangu enzi hizo. Ninalosema ni kwamba joto la dunia nzima limepanda zaidi ya nyuzi 1 tangu viwanda vianze, na ukame uleule ukija juu ya joto zaidi, udongo unakauka haraka zaidi.

Mjomba Elia: Labda ni jua.

Mwl. Rehema: Satelaiti zinalipima jua tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, nguvu yake haijapanda. Na kama lingekuwa jua, hewa ya juu sana ingepata joto pia. Imepoa, huku ya chini ikipanda. Na hewa ukaa yenyewe kabla ya viwanda ilikuwa chembe 280 katika kila chembe milioni za hewa, leo imepita 420. Tunajua nyongeza ni ya makaa ya mawe na mafuta kwa sababu kaboni iliyolala ardhini mamilioni ya miaka haina tena ile aina ya kaboni inayotoa mionzi, na hewa ya sasa inaonyesha alama hiyo.

Mama Mkubwa Yudita: Elia, jibu. Au umelala?

Mjomba Elia: Sijalala. Nafikiria mkaa. Wao wachome miaka yote hiyo, halafu waje na semina kunifundisha mimi?

Mwl. Rehema: Mjomba, hapo niko upande wako kabisa. Afrika nzima haifiki asilimia 5 ya hewa ukaa inayotolewa duniani kwa mwaka. Aliyotoa nyingi kuliko wote tangu mwanzo ni Marekani. Anayekuja Mpunguzi kukulaumu wewe anakuonea, na mwambie hivyo. Mkaa unamaliza miti yetu, hilo tuliongee kama letu. Lakini usiikatae fizikia kwa sababu ya hasira hiyo. Ukiikataa, anayetakiwa kulipa anapumua.

Mjomba Elia: Hilo la kulipa hukulisema mwanzoni.

Mjomba Elia: Na mawingu? Si yanakinga jua?

Mwl. Rehema: Ya chini yanakinga, yale mepesi ya juu yanashika joto. Hapo ndipo wataalamu wanapohangaika zaidi. Ndiyo maana wanasema hewa ukaa ikiwa mara mbili, joto huenda likapanda kati ya nyuzi 2.5 na 4.

Mjomba Elia: Basi kwenye mawingu bado nabishana.

Mwl. Rehema: Bishana mjomba, hapo hata wao wanabishana.

Mama Mkubwa Yudita: Mkimaliza mnisaidie. Mvua zinakaribia, ile robo eka ya mtama niweke mbegu ya pato au ya macia?

Mjomba Elia: Macia dada, inawahi kukomaa. Mbegu ninayo, Jumapili nakuletea Bahi.