Sudan: nani awajibike kwa mauaji, na nchi akabidhiwe nani?

Mtoa mada: Tangu vita vilipuke Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, jeshi la Jenerali Burhan na RSF, kikosi cha wanamgambo cha Jenerali Hemedti, wanatupiana lawama. Msimamo wangu ni kwamba wote wana hesabu ya kutoa. Katika jimbo la Darfur, RSF iliwachinja watu wa kabila la Wamasalit mjini El Geneina mwaka 2023, ikarudia mauaji mjini El Fasher Oktoba 2025. Lakini ni dola iliyoilea kutoka Janjaweed, wanamgambo wa Darfur, na sheria ya 2017 ikaihalalisha. Jeshi nalo lilipiga kwa ndege soko la Tora, Darfur Kaskazini, Machi 2025.

Mchangiaji wa kwanza: Ndugu, jeshi ni taasisi. Likivunjika, Sudan inagawanyika. Tayari RSF na washirika wake walisaini Nairobi, Februari 2025, mkataba wa kuunda serikali yao. Na jenerali anayejua kwamba Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) ya The Hague inamsubiri atakubalije kusaini amani?

Mtoa mada: Njia hiyo ya kuwaacha majenerali bila kuwashtaki ilishajaribiwa, mkuu. Tarehe 3 Juni 2019 waandamanaji zaidi ya 100 waliuawa nje ya makao makuu ya jeshi. Agosti, majenerali wakapewa viti 5 kati ya 11 vya Baraza Kuu lililoongoza nchi kwa mpito, pamoja na uenyekiti wa kipindi cha kwanza. Uchunguzi ukaachiwa kamati ya ndani, chini ya dola ambayo watuhumiwa wenyewe walikuwa wakiiongoza. Zamu ya raia ilipokaribia, 25 Oktoba 2021, wakaipindua serikali ya mpito. Kisha jeshi na RSF wakagombana: RSF iunganishwe na jeshi kwa miaka 10 au 2? Risasi zikajibu.

Mchangiaji wa pili: Tuwe makini kisheria. Ibara ya 28 ya Mkataba wa Roma, ulioanzisha ICC, haidai kamanda awe ametoa amri. Inatosha kuthibitisha kwamba alikuwa na udhibiti halisi wa askari, alijua au alipaswa kujua, na hakuzuia wala kuadhibu. Kwa hiyo ushahidi unaohitajika ni wa mnyororo wa amri: nani alipanga vikosi, nani alipokea taarifa, nani alipandishwa cheo baadaye. Tume ya Umoja wa Mataifa ya Jaji Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu mstaafu wa Tanzania, inachunguza, ila haiwezi kushtaki. ICC nayo, kwa Azimio 1593 la Baraza la Usalama la 2005, inaishia Darfur. Khartoum na jimbo la Gezira ziko nje.

Mchangiaji wa kwanza: Basi azimio lipanuliwe.

Mchangiaji wa pili: Itakuwa vigumu: Novemba 2024 Urusi ilizuia kwa kura ya turufu hata azimio la kusitisha mapigano tu. Njia fupi ni serikali ya mpito kuikubali ICC kwa tamko, kwa ibara ya 12(3) ya Mkataba wa Roma, kabla ya kugawana vyeo. Mawaziri wa Hamdok, waziri mkuu wa mpito, walipitisha muswada wa kujiunga na ICC Agosti 2021. Haukukamilishwa hadi mapinduzi yakaja.