Naomba ushauri: nichague programu zipi ninapoweka Debian (mfumo endeshi wa bure) kwenye kompyuta 10 za wanafunzi?

MwalimuAhero: Hamjambo wadau. Nafundisha vijana kompyuta kila jioni hapa Ahero. Tumepata mashine 10 zilizotumika, RAM ni GB 2 tu. Jana nilianza na moja, Debian 12 kwa flashi, ile inayovuta vifurushi vya programu kwenye intaneti. Ikaniletea orodha ya kuchagua: mazingira ya eneo-kazi, yaani sura ya skrini (GNOME, Xfce, KDE Plasma, MATE, LXQt), seva ya wavuti, SSH ya kuingia mashine kwa mbali. Nikaacha kama ilivyo, nikabonyeza Enta. Bando lote limekwisha, na mashine yenyewe ni nzito mno. Mwanafunzi anaandika jina lake na tarehe kwenye daftari, Firefox bado inafunguka. Zimebaki 9, na bando nanunua mwenyewe. Nifanyeje?

FundiKondele: Pole mwalimu. Orodha hiyo huja GNOME ikiwa tayari imewekwa alama. Itoe, weka alama kwenye Xfce, na uache zile zana za kawaida za mfumo. Alama huwekwa na kutolewa kwa kitufe cha nafasi. Enta inakupeleka mbele moja kwa moja, na hapo ndipo wengi huumia. Xfce itakuja na LibreOffice na Firefox, kwa hiyo kazi za barua na majedwali umemaliza. Seva ya wavuti ya nini darasani? Iache.

DadaWaNjoro: Naunga mkono, ila usitafute programu za masomo kwenye orodha hiyo, hazimo. Hapo unaweka msingi tu. Mfumo ukishawaka, ongeza kwa apt, amri ya kuweka programu: tuxtype ya kujifunza kuchapa, gcompris-qt kwa wadogo. Mimi nina daftari lenye majina ya vifurushi vya kila darasa. Mashine ikiharibika nairudisha bila kukisia.

FundiKondele: Na bando, mwalimu: kwenye ile ya kwanza weka apt-cacher-ng, programu inayohifadhi vifurushi vilivyokwisha kuvutwa ili mashine nyingine zivichukue. Kabla ya orodha ya programu, kisakinishi huuliza kuhusu proksi (mashine ya kati ya kupitishia vifurushi), na watu wengi huacha wazi. Andika hapo http://, anwani ya mashine ya kwanza, kisha :3142. Ya pili itavuta vifurushi kutoka nje, zinazofuata zitavipata humo humo chumbani.

MwalimuAhero: Asanteni sana, Mungu awabariki. Ya pili imekubali na ni nyepesi kweli. Ya tatu haikugusa bando ila kidogo sana! Sasa ile ya kwanza yenye GNOME, niifute nianze upya?

DadaWaNjoro: Usiifute, utapoteza vifurushi vyote ilivyohifadhi. Ongeza task-xfce-desktop kwa apt. Ukifika pa kuingia, chagua jina lako, na kabla ya kuandika nywila bonyeza kile kigurudumu chenye meno chini kulia, uchague Xfce.