Tanga hadi London: masaa 13 au 16?

Salaam ndugu zangu. Mama anakuja London kutoka Tanga mjini, ni mara yake ya kwanza kupanda ndege. Anaondoka Dar 17:00, anafika 06:00 kesho yake. Nikihesabu napata masaa 13, tiketi imeandika 16. Ramani nayo inasema kilomita 7,500 tu.

—

Dada, tiketi iko sawa. Kila saa iliyoandikwa ni ya mji husika. Tanzania iko mbele ya Uingereza kwa masaa 3 wakati wa baridi. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi ile ya mwisho ya Oktoba ni 2. Kumi na tatu jumlisha tatu.

Hizo 7,500 ni mstari ulionyooka, na hakuna ndege ya moja kwa moja. Kupitia Doha ni kilomita 3,800 kisha 5,200. Addis Ababa iko karibu kwenye mstari wenyewe: 1,760 na 5,900, kwa hiyo angani ni kama masaa 11, dhidi ya 13 ya Doha. Ila ufupi huo haumsaidii mama akiwekwa masaa tisa kusubiri. Kwa mtu mzima, mapumziko ya masaa matatu au manne ndiyo mazuri. Chini ya mawili, ndege ya kwanza ikichelewa kidogo tu ya pili inamwacha. Mwombee kiti cha magurudumu masaa 48 kabla, hakilipiwi. Na safari yote iwe tiketi moja, ili mabegi yapitilize mpaka London.

—

Msisahau kipande cha Tanga–Dar. Ni kilomita 350 hivi kupitia Segera na Chalinze, basi masaa sita hadi saba, na foleni ya Kibaha hadi Mbezi haitabiriki. Ndege ya saa kumi na moja jioni inataka awe Terminal 3 ya uwanja wa ndege wa Dar saa nane mchana. Basi la alfajiri kutoka Kange, stendi ya Tanga, linaweza kumfikisha stendi ya Mbezi saa saba, bado teksi. Alale Dar, tafadhali. Ndege ndogo ya Tanga ni haraka, lakini mzigo kwa kawaida ni kilo 15, na haishushi Terminal 3.

—

Wenye ndege za usiku, hapa ndipo watu wanapoachwa. Tiketi ikisema Jumamosi 03:30, mzee anasoma saa tatu na nusu, anajiandaa Jumamosi. Hiyo ni saa tisa na nusu, usiku wa kuamkia Jumamosi. Awe uwanjani saa sita na nusu usiku, maana yake anatoka nyumbani Ijumaa. Mwandikieni hivyo hivyo kwenye karatasi, kwa Kiswahili, aiweke pamoja na pasipoti.