Makaizari watatu China kwa mpigo, nani alikuwa halali?

Wakuu habari zenu, hivi ilikuwaje zile dola tatu zilizogawana China baada ya utawala wa ukoo wa Han, yaani Wei, Shu na Wu, kila moja ikawa na kaizari wake?

Mdau 1: Mkuu, Cao Cao, yule mbabe wa vita wa Wei, hakuwahi kuwa kaizari, aliishia mfalme, alipofariki mwaka 220 BK mwanae Cao Pi akamlazimisha Xian, kaizari wa mwisho wa Han, aachie kiti, akakikalia yeye. Liu Bei wa Shu naye akasema mi ndo ukoo wa Han, 221 akajitangaza kaizari kule Chengdu. Kwangu huyo ndo halali.

Mdau 2: Ndugu umemsahau Sun Quan! Alijifanya mtiifu kwa Cao Pi akapewa ufalme wa Wu, akavuta subira mpaka 229 ndo akajitangaza kaizari, na Wu ndo iliyodumu zaidi, Shu ilianguka 263, yeye dola lake likafika 280.